Tarehe ya homa: kisa cha dengue kwenye yadi ya malori mpakani

Kisa hiki kinamhusu nani

Hiki kisa naandikia wenzangu wa vituo vya afya, VHT (wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini) na watu wa maabara za wilaya, yaani wale ambao homa inawafikia wao kwanza kabla haijafika kwa mtu mwenye ofisi na feni. Jina la mji nimetoa, majina ya watu nimetoa, mwaka nimeuacha, na vitu vidogo vingine nimebadilisha ili asijulikane mtu. Kilichobaki ni vile mambo yalivyoenda.

Na niseme msimamo wangu mapema. Watu wengi waliokuwepo wanakisimulia kama kisa cha kukosa vipimo. Mi naona vipimo vilitosha kufanya kazi ya maana, kilichotuangusha ni kisanduku kimoja kwenye fomu, kile cha tarehe ambayo homa ilianza.

Mazingira

Mji ni wa mpakani, mashariki mwa Uganda, na barabara ya malori ya kutoka Mombasa inapita katikati yake. Malori yanapanga foleni kusubiri karatasi na siku zingine foleni inatoka nje ya mji kabisa. Pembeni ya barabara kuna yadi kubwa ya kuegesha, ndani yake kuna mafundi tairi, mawelda, akina mama wa chai na chapati, lodge ya bei rahisi kwa nyuma, na tairi kuukuu zimerundikwa mpaka zimepita urefu wa ukuta. Lugha ya yadi ni Kiswahili, manake hapo kuna Mkenya, Msomali, Mteso, Msamia, Mganda, Mkongo, na hakuna lugha nyingine ya kuwakutanisha wote kwenye bei ya kuziba pancha.

Maji ya bomba yanakuja siku kadhaa kwa wiki, yakija yanakuja usiku, kwa hiyo kila banda lina pipa na jerikeni za akiba. Hili liwekeni akilini, tutalirudia.

Sasa homa zinavyoshughulikiwa huku. Uganda ni kati ya nchi zenye malaria nyingi kabisa duniani, kwa hiyo mtu mwenye homa anapimwa malaria kwanza na hiyo ni sahihi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kinachofuata. Kipimo kikisema ndiyo, mgonjwa anapewa Coartem, dawa ya malaria, anaenda zake. Kikisema hapana, anapimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, na Widal huku kwetu karibu kila mtu inamkuta na kitu, basi anaambiwa ana taifodi, anapewa siprofloksasini. Homa inakuwa na milango miwili tu. Alafu tangu Ebola ya 2022 iliyoanzia upande wa Mubende kukaongezeka mlango wa tatu wa dharura: homa pamoja na damu, hapo kila mtu anakimbia.

Dengue haina mlango. Ni virusi vya aina nne, vinabebwa hasa na mbu Aedes aegypti, yule mwenye miguu ya mabaka meupe, anayeuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Na si ugonjwa wa mbali. Mombasa walikuwa na mlipuko 2013, Dar es Salaam 2014, na 2019 Dar wakapata mwingine mkubwa zaidi uliopita wagonjwa 6,000. Watu wa yadi yetu wanatoka Mombasa kila wiki.

Mambo yalivyofuatana

Mgonjwa wa kwanza tumwite T. Ni taniboi, yaani utingo wa lori, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, amekuja na lori la mzigo kutoka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 900, lori likakwama kwenye foleni ya karatasi. Alikuwa na homa, kichwa kinamuuma nyuma ya macho, kiuno na viungo vinamuuma mpaka anashindwa kupanda kwenye kabini. Akaenda duka la dawa karibu na geti, akapewa Coartem bila kupimwa na sindano ya diklofenaki ya maumivu, akarudi kulala lodge.

Kesho yake homa ikashuka. Dereva wake akafurahi akasema dawa imeshika. Kumbe kwa dengue hapo ndipo pa kuogopa, manake hatari mara nyingi inakuja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mishipa inaanza kuvujisha maji na chembe za kugandisha damu zinashuka. T akaanza kutapika, tumbo likamuuma sana, na usiku ule fizi zikatoka damu. Wakampakia boda wakampeleka kituo cha afya cha daraja la III.

Sista wa zamu akaona damu, akavaa glovu, akamtenga kwenye chumba cha mwisho, akampigia mtu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Hapo sista alifanya kazi nzuri sana na nitalirudia hilo. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha mstari hafifu. Fomu ya homa za kutoka damu ikajazwa na dereva ndiye aliyejibu maswali, amesimama dirishani kwa nje, anapigiwa kelele naye anajibu kwa kelele.

"Ameanza lini kuumwa?"

"Ameanza hapa hapa sista, tulipofika."

Ikaandikwa tarehe ya siku ile ile. Yaani kwa mujibu wa fomu T alikuwa na ugonjwa wa siku moja.

Sampuli ikaondoka kwa pikipiki ya hab, yaani kituo kinachokusanya sampuli, mpaka maabara ya rufaa. Jibu la kwanza likarudi haraka: Ebola hapana, Marburg hapana, na zile homa zingine za kutoka damu zinazopimwa pamoja nazo hapana. Lakini kwa sababu fomu ilisema siku ya kwanza, utaratibu ulitaka sampuli nyingine baada ya saa 72, manake Ebola inaweza isionekane kwenye damu siku za mwanzo. Basi T akabaki ametengwa, wodi ndogo ikabaki imefungwa, akina mama waliokuja kliniki ya wajawazito wakaona mkanda mwekundu wakageuza. Jibu la pili nalo hapana. Faili likafungwa. T alikuwa amepewa maji ya mshipa, panado na dawa ya malaria, akapata nguvu, lori likaondoka naye.

Hapa ndipo visa vingi vya namna hii huishia. Hiki kiliendelea kwa sababu afisa tabibu mmoja wa kituo hakutosheka. Alikuwa amemfanyia T kile kipimo cha kufunga mkono kwa mashine ya presha, unaijaza mpaka katikati ya presha ya juu na ya chini, unaiacha dakika tano, alafu unahesabu madoa madogo mekundu kwenye mraba wa inchi moja, yakifika 10 au zaidi kipimo ni chanya. T alikuwa nayo mengi. Afisa akapiga simu maabara akaomba damu iliyobaki ipimwe virusi vya mbu, kwa sababu mgonjwa ametoka pwani. Wakaipima kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Dengue, chanya.

Jibu lilipofika T alishapita Kampala. Na wiki hiyo hiyo ikajulikana kuwa pale yadi kulikuwa na mafundi tairi na mama mmoja wa chai ambao nao walikuwa wamepigwa na homa, wengi wao wakiwa na daftari lililoandikwa taifodi.

Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

La kwanza, kumchukulia T kama mgonjwa wa Ebola mpaka ithibitike sivyo. Sahihi. Kuna wenzetu walisema baadaye kwamba sista alitisha watu bure. Mimi siwaungi mkono hata kidogo, homa na damu kwa mtu msafiri nchi hii huanzi kwa kubahatisha.

La pili, kumpa dawa ya malaria ingawa mstari ulikuwa hafifu. Inaeleweka. Kile kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mstari haukuthibitisha kwamba malaria ndiyo iliyomwangusha, ila pia haukuruhusu mtu kuiacha. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kilichosaidia ni kwamba hawakuacha kutafuta eti kwa sababu mstari umeonekana.

La tatu, kwenda yadi kuchukua damu ya kila aliyekuwa na homa mwezi ule. Timu ilikwenda siku moja, kwa gari moja, na pesa ya siku moja. Wakapimwa kingamwili za IgM tu, zile ambazo mwili unatengeneza siku kadhaa baada ya kuanza kuumwa, kwa sababu ndizo reajenti zilizokuwepo na kwa sababu walidhani karibu wote wameshapita siku za virusi kuonekana kwenye damu. Walidhani. Hakuna aliyekuwa na tarehe.

La nne ni kinga. Wilaya ilikuwa na vyandarua vilivyobaki kwenye stoo, ikavigawa. Mfadhili mmoja akaleta mashine ya kupuliza moshi wa dawa, ikapulizwa yadi nzima saa mbili usiku, watu wakashangilia, picha zikapigwa. Sababu yake naielewa: mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alikuwa anapigiwa simu na kila mtu na alihitaji kitu kinachoonekana. Lakini mbu huyu saa mbili usiku ametulia ndani ya mabanda na nyuma ya tairi. Chandarua ni kizuri kwa malaria na kwa mtoto anayelala mchana au mgonjwa wa dengue anayelala mchana, kwa fundi anayeumwa na mbu saa kumi na mbili asubuhi akifungua nati za gurudumu hakisaidii kitu.

La tano, ambalo lilichelewa, ni kwenda kwenye tairi zenyewe.

Matokeo

T alipona, dereva alithibitisha kwa simu. Kati ya waliopimwa yadi, baadhi walikuwa na IgM ya dengue. Maabara ikaandika kwamba haiwezi kusema ni dengue ya hivi karibuni. Hakuna aliyekufa. Swali kubwa kuliko yote, je virusi vilipita kutoka kwa mtu wa yadi kwenda kwa mwingine kupitia mbu wa hapa hapa Uganda, au kila mmoja alikuja navyo au hata hakuwa navyo, halikupata jibu na halitapata.

Viluwiluwi vilipatikana kwenye tairi na kwenye mapipa, vikafugwa mpaka vikawa mbu, na mtu wa udhibiti wa mbu wa wilaya akathibitisha ni Aedes aegypti. Mbu wazima wachache walionaswa waliwekwa kwenye chupa bila barafu, wakakaa mpaka Jumatatu, basi hawakufaa kupimwa virusi.

Uchambuzi: ile tarehe

Twende taratibu hapa kwa sababu ndipo penye nyama.

Baada ya jibu la PCR, yule afisa tabibu alimpigia dereva. Hakumuuliza tena "ameanza lini". Alimuuliza, safari hii kuna siku kijana alishindwa kufanya kazi yake? Dereva akasema ndiyo, kule Bonde la Ufa walipata pancha, T akashuka akashika spana akaketi chini, ikabidi dereva amlipe kijana wa kituo cha mafuta amsaidie, na hapo hapo wakaweka dizeli. Risiti ya dizeli alikuwa nayo kwa sababu tajiri anazidai. Tarehe ya risiti ikaonyesha kuwa T alipofika kituoni alikuwa siku ya tano ya ugonjwa. Fomu ilisema siku ya kwanza.

Tazameni hilo kosa moja limefanya nini.

Kwanza, lingejulikana kuwa ni siku ya tano, jibu la kwanza la Ebola lingetosha na sampuli ya pili isingehitajika. Zile siku za wodi kufungwa, wajawazito kurudi nyumbani, sista kulala na wasiwasi, zote zilitoka kwenye kile kisanduku.

Pili, matibabu. Siku ya kwanza ya homa na siku ya tano ambayo homa imeshuka ni wagonjwa wawili tofauti. Wa siku ya tano anayetapika na tumbo linauma unamkalia macho, unapima presha na mkojo, unampa maji kwa hesabu, unaogopa kumpa kidogo na unaogopa kumzidishia. Na diklofenaki, aspirini na ibuprofeni haviguswi, panado tu. T alipata maji kwa sababu alikuwa anatapika, si kwa sababu kuna mtu aliyejua yuko kwenye saa gani ya ugonjwa.

Tatu, kipimo cha kuchagua. Siku za mwanzo mpaka kama ya tano unatafuta virusi vyenyewe kwa PCR, au ile protini ya virusi inayoitwa NS1. Kuanzia siku ya nne ya tano hivi kwenda mbele ndio IgM inaanza kuonekana. Ukipima IgM siku ya pili utapata hapana na itakuwa hapana ya uongo. PCR ya T kuwa chanya siku ya tano ilikuwa bahati kidogo, ingechelewa siku chache tungekuwa na faili lililofungwa na hadithi ya taifodi.

Nne, na hii ndiyo inaniuma zaidi, hesabu ya maambukizi. Mbu akimuuma mgonjwa anahitaji kama siku 8 mpaka 12 kabla hajaweza kuambukiza. Mtu aliyeumwa na mbu huyo naye anakaa siku 4 mpaka 10 kabla ya homa. Jumlisha: kama T ndiye aliyeleta, mgonjwa wa kwanza wa hapa angeanza kuumwa si chini ya siku 12 hivi baada ya T kufika, na wengine mpaka siku 22 hivi. Kwa hesabu hiyo tu, bila mashine yoyote, ungeweza kuwagawa watu wa yadi mafungu mawili, wale ambao T anaweza kuwa chanzo chao na wale ambao haiwezekani. Sasa tarehe zao kwenye fomu zimeandikwa "wiki iliyopita", "juzi", na nyingine ni tarehe ya siku ya kutolewa damu. Fundi mmoja alisema yeye aliumwa kabla ya Idi, na Idi ile ilikuwa kabla T hajafika kabisa. Kama ni kweli na kama ilikuwa dengue, basi virusi vilishakuwepo pale, vimeletwa na mwingine ambaye hakutoka damu kwa hiyo hakuna aliyemwona. Mimi binafsi naelekea kuamini hivo. Dengue nyingi hazina hata dalili, na kwa kila T mmoja anayetoka damu kuna mataniboi ambao walimeza panado wakaendelea na safari.

Kuuliza tarehe ni kazi ya ufundi, watu wanadhani ni kujaza tu. Mtu mwenye homa haweki kalenda kichwani. Unamuuliza ulilala wapi siku ulipoacha kula, soko lilikuwa siku gani, mechi gani ilichezwa, ulipokea lini pesa ya mwisho, nani alikubebea kazi. Inachukua dakika chache zaidi na kituo chenye foleni hakina hizo dakika, nalijua hilo, ila ni rahisi kuliko reajenti yoyote utakayoagiza.

Uchambuzi: kingamwili na ukoo wa virusi

Kwa nini maabara ilishindwa kusema IgM ile ni ya dengue? Virusi vya dengue, homa ya manjano, Zika na West Nile ni vya ukoo mmoja na kingamwili zao zinafanana, kipimo kinaweza kuita jina la ndugu. Na Uganda ukoo huu uko nyumbani. West Nile ilipatikana kwetu 1937, Zika 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, na taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe yenyewe ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Isitoshe miaka hii ya karibuni chanjo ya homa ya manjano imeingia kwenye ratiba ya watoto na kampeni kubwa zikapita wilaya kwa wilaya, watu wazima nao wakachanjwa. Mafundi wa yadi walikuwa na kadi za chanjo mfukoni, na madereva ndio kabisa, huvuki mipaka bila ile kadi ya njano. Kingamwili za chanjo hiyo zinaweza kukaa muda mrefu na kuvuruga kipimo cha dengue. Hakuna aliyeandika kwenye fomu nani kachanjwa lini. Tarehe tena.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana: unachukua damu mara mbili, ya pili baada ya wiki mbili hivi, unaangalia kama kingamwili zimepanda. Timu ilirudi mara ya pili? Haikurudi, pesa ilikuwa ya siku moja. Na hata ingerudi nusu ya watu wangekuwa wamehama, yadi ya malori si kijiji. Watafiti wanaopanga masomo ya homa huku wanapenda kituo cha afya kwa sababu mgonjwa anajileta mwenyewe, lakini msafiri hajileti mara mbili. Ukitaka kujua dengue ya barabarani inabidi umfuate kwa simu kituo kwa kituo, mpakani, Kampala, mpaka anakoshusha mzigo, na hiyo inataka wilaya mbili tatu na nchi mbili zizungumze, kitu ambacho kwenye karatasi kipo.

Kwenye kikao cha tathmini mtu aliuliza, si kuna chanjo ya dengue? Ipo. Ila ile ya kwanza, Dengvaxia, Ufilipino waliisimamisha 2017 baada ya kuonekana kwamba mtu ambaye hajawahi kupata dengue akichanjwa alafu akaambukizwa anaweza kuumwa vibaya zaidi. Mpya, Qdenga, WHO inaishauri kwa watoto wa miaka 6 mpaka 16 kwenye maeneo yenye maambukizi mengi. Sasa utajuaje kama eneo lako lina maambukizi mengi wakati homa zako zote zimeandikwa malaria na taifodi? Tukarudi pale pale.

Uchambuzi: tairi na mapipa

Tairi ni mtihani. Ukiiinamisha kumwaga maji yanazunguka ndani yanahamia upande wa pili, kingo za ndani zinayashika. Ukipitisha kivuli cha mkono juu yake viluwiluwi vinazama chini, unaona maji matupu unasema hakuna kitu. Lazima usubiri, alafu uchote kwa kikombe umimine kwenye beseni jeupe, hapo ndio unaviona vinajipinda. Mtu wa udhibiti wa mbu aliwafanyia hivo mafundi mbele ya macho yao, na nadhani kile kibeseni kilibadilisha yadi kuliko mabango yote. Fundi mkubwa pale, mzee mmoja ambaye wote wanamwita Baba, aliangalia akasema, "Kumbe tunawafuga."

Ushauri wa vitabu ni toboa tairi au zitupe. Wakakataa, na walikuwa na haki. Tairi kuukuu ni mali: nzuri zaidi zinauzwa kama spea ya kusogeza siku, zilizokwisha zinanunuliwa na watengeneza viatu vya lugabire. Ukitoboa unashusha bei. Wakakubaliana zifunikwe kwa maturubai kuukuu ya malori ambayo pale yamejaa. Wazo zuri, lakini mvua ya kwanza turubai likabonyea katikati likashika dimbwi, na baada ya siku kadhaa dimbwi nalo likawa na viluwiluwi vyake. Ikabidi wainue kwa miti katikati maji yamwagike. Baada ya hapo ikawa inafanya kazi, ila tu pale ambapo kuna mtu wa kuisimamia.

Mapipa yalikuwa na siasa zaidi. Kwenye mkutano VHT alisema maji yamwagwe kila wiki. Mama wa chai, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka kuumwa, akasimama: "Mwenyekiti, na heshima zako, haya maji nimeyanunua. Mnimwagie mninunulie mengine?" Watu wakacheka lakini hakuna aliyemjibu. Baadaye wakabadilisha ujumbe: funika pipa kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira wa tyubu, ambao pale ni bure, na maji yakiisha kabla hujajaza tena sugua ukuta wa ndani kwa brashi. Kusugua ndio siri, manake mayai yanagandishwa ukutani juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, pipa likijazwa yanaanguliwa. Mtu anaweza kumwaga maji kila wiki kwa uaminifu na bado akawa na mbu. Ile dawa ya viluwiluwi ya kuweka kwenye maji ilipendekezwa, akina mama wakasema hawauzi chai yenye dawa, likaisha.

Kuhusu moshi sina mengi. Unaua mbu wazima waliopo hewani saa hiyo na unaacha mayai na viluwiluwi salama.

VHT mmoja alikuwa anapita kila Jumamosi kuhesabu vyombo vyenye viluwiluwi na kuandika kwenye daftari, na kwa muda vilipungua waziwazi. Alafu nauli yake ikakatwa mradi ulipoisha, mvua zikaanza, na daftari linaishia hapo. Kwa hiyo hata kujua kama maturubai yalishinda msimu mzima haiwezekani.

Yaliyobaki mezani

Kituo sasa kina karatasi iliyobandikwa kwenye fomu ya homa, maswali manne ya kutafuta tarehe pamoja na swali la chanjo ya homa ya manjano na swali la ulilala wapi siku 14 zilizopita. Duka la dawa la getini wameelezwa habari ya diklofenaki, muuzaji anasema wateja wakidai sindano atawapa nini, na sijasikia aliyempa jibu la kumridhisha. Glovu zimeongezwa. Vipimo vya haraka vya NS1 havipo bado.

Kuhusu tairi, mwenye yadi amekubali kujenga paa la bati kwa nusu ya gharama, nusu nyingine anataka iongezwe kwenye ada ya kuegesha, na mpaka naandika hivi chama cha madereva hakijajibu.